Bia Chungu ya Chelangat

Jumamosi, 7 Juni
Nimepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, nikarudi nimelowa. Jikoni nikamkuta binti yangu Chelangat anapika pombe. Nyumbani kwangu! Bia chungu ya Kiingereza, anasema. Alijifunza Uingereza alipokuwa nesi huko, akarudi na mikebe miwili ya rojo la kimea, zito kama asali. Nimekasirika. Chang'aa, ile pombe kali ya magendo, ndiyo iliyomuua baba yake. Nikamwambia hivyo.
"Najua, Mama. Ndiyo maana nataka uone mimi ninavyopika."
Nikabaki mlangoni, nikamwangalia.

Jumapili, 8 Juni
Mahubiri hayakuniingia. Nawaza ndoo ya bia iliyo stoo. Lakini jana nilimwangalia, siwezi kukataa. Kila kitu kiliingia kwenye dawa ya kuua vijidudu kwanza: ndoo, mwiko, mpira wa kumiminia, hata mikono yake. Akachemsha kimea na maua makavu ya kuleta uchungu, hakutoka jikoni hata kujibu simu. Akapoza sufuria kwenye karai la maji baridi. Ndipo akamimina kwenye ndoo kwa ule mpira, akatia hamira. Mimi ninapokamua ng'ombe wangu siko makini hivyo.

Jumanne, 10 Juni
Baridi ya hapa Boito imezidi. Ndoo kimya, hamira haijaanza kazi. Ametoa blanketi la kitanda chake akaifunika. Yeye analala na koti.

Alhamisi, 12 Juni
Hamira imeamka. Kamrija kwenye kifuniko kanatoa hewa, blup, blup.
Akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi. Mama Naomi alikaa karibu na mlango wa stoo. Akauliza nini kinalia huko. Nilitaka kusema ni tanki linavuja. Chelangat akanitangulia: "Ni bia, Mama Naomi. Napika mimi." Chai haikuisha vikombeni.
Nimeona aibu sana. Pia nimemwonea fahari. Hilo naliandika hapa tu.

Jumamosi, 21 Juni
Bia imeharibika. Chelangat alipofungua ndoo, harufu ya siki, na utando mweupe juu. Akaonja kidogo, akatema. Jirani yetu Kipkoech alikuwa hapo, amekuwa akiulizia tangu juzi. Akasema yeye ataichukua hivyo hivyo, hata atalipa.
"Kitu nisichoweza kunywa mimi, simpi mtu," Chelangat akamwambia.
Akaibeba ndoo mwenyewe, akaimwaga yote shimoni nyuma ya zizi. Kazi yake yote. Hakulia. Niliyelia ni mimi. Yule aliyemuuzia baba yake alijua ile pombe ni mbaya. Alijua, akauza. Na huyu wangu amemwaga.

Jumapili, 22 Juni
Ameukagua mpira, una ufa ndani. Uchafu ulijificha hapo. Ameutupa. Baada ya kanisa tumefungua mkebe wa pili. Kuni nimepasua mimi. Maji nimechemsha mimi. Mara mbili amenirudisha kunawa mikono. Nikanawa.

Jumamosi, 19 Julai
Mvua tangu asubuhi. Chelangat amefungua chupa ya kwanza ya bia hii ya pili. Imetulia vizuri, rangi yake kama chai ya rangi. Tukakaa nje chini ya paa, sisi wawili tu. Nimekunywa nusu glasi, mimi niliyeapa kutogusa pombe. Chungu kwanza, halafu ladha kama ya ganda la mkate. Nikamwambia ni nzuri. Akauliza kama namdanganya. Nikamwambia aniongeze kidogo.
Ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa. Tukawaacha walie.