Mbegu ya Siku Sitini

Jumatatu, Machi 10
Nimemwosha Mama, nimebadilisha mfuko wa haja tumboni. Uji amekunywa vijiko vitatu.
Daktari wa Malindi alinivuta kando juzi. Saratani ya utumbo imefika kwenye ini. Nilimuuliza daktari, Mama amebakiza muda gani? Akaniuliza mimi: mchana analala masaa mangapi? Akipita nusu ya mchana, tuhesabu wiki, si miezi.
Mama nimemwambia ni vidonda vya tumbo.

Jumamosi, Machi 15
Mchana Mama amelala masaa manne. Nimechora mistari minne kwa mkaa nyuma ya mlango.

Jumanne, Machi 18
Mama ameniagiza mbegu Garsen. Hakutaja za nini. Nimenunua mpunga makusudi, ule wa miezi mitano. Hapa Golbanti anayepandiwa mpunga anatarajiwa kwenye mavuno. Nilitaka aamini atafika.
Ameshika punje kiganjani muda mrefu. Akasema, "Kalete pojo, mwanangu."
Pojo ni choroko, huvunwa kwa siku sitini. Nimelia njia nzima.

Alhamisi, Machi 20
Nimepanda pojo. Gunia la mpunga nimelificha uvunguni. Siwezi kuliangalia.

Alhamisi, Machi 27
Jana masaa saba. Leo nimemtoa kitandani kwa nguvu, nikamkalisha mkekani na mito mgongoni hadi adhuhuri. Alitetemeka, hakulalamika. Nikachora matano.
Naona haya. Daktari alitoa kipimo, mimi nimekigeuza dawa.

Ijumaa, Machi 28
Nimemkalisha tena. Ameangukia ubavu. Mungu, nimekukasirikia.

Jumapili, Aprili 6
Sikwenda kanisani. Masaa tisa, na leo nimeandika tisa bila kumkalisha. Mama kaniita.
"Wewe wanihesabu, nakuona. Mimi nilimaliza kuhesabu zamani. Sasa niache nilale."
Nikamwambia ukweli wote, ini na wiki. Hakushtuka. Alitaka kujua mpunga nimeuweka wapi.
"Kaupande. Huo ni wako. Wewe utakuwepo."
Nilikasirika. Sitaki kuwepo peke yangu.

Jumanne, Aprili 8
Nimepanda mpunga. Mama amelala kutwa. Sikuchora.

Jumamosi, Mei 3
Mama hali chakula tena. Nimemlowesha midomo kwa kitambaa. Pojo ina maganda mabichi. Nimemletea moja, amelifungia mkononi.

Jumatatu, Mei 19
Leo siku sitini. Nimechuma pojo, debe moja kasoro kidogo.
Mama tulimzika Jumanne iliyopita. Alikosea hesabu kwa siku sita tu.
Nimeianika pojo kwenye mkeka wake. Mchana nilipalilia mpunga.