Bismillahi ya Mpira wa Polepole

Baba Nassor, mume wangu,

Mwanao kapanda daraja! Naanza na hilo kwa sababu nikikuweka roho juu utanikatiza, nakujua. Kapanda, tena kwa mkono wake mwenyewe. Nimepiga vigelegele peke yangu hapa jikoni Thornton Heath, London, mpaka jirani wa juu kagonga sakafu, nami nikamwongezea kimoja.

Lakini kwanza tugombane kidogo, maana kosa lilikuwa lako.

Unaikumbuka ile Jumapili ulipomkuta Nassor, miaka saba, kajificha nyuma ya kochi na pakiti ya biskuti za wageni? Kabla hajaitia mdomoni ya kwanza, akasema kwa adabu zote, "Bismillahi." Ulicheka mpaka machozi, halafu ukakaza uso: "Mwanangu, jina la Mungu halitiwi kwenye ujanja." Mie nilikuwa mlangoni, nikaona umesema vizuri. Tukanywa chai, tukasahau. Kumbe mwenzetu hakusahau.

Na besiboli je, ilivyoanza? Umetoka zamu yako ya kuendesha basi, unapita naye bustanini, mkawakuta Wamarekani wanarushiana mpira, mtoto akagoma kuondoka. Ukawa unamdakia wewe, na glavu yangu ya kutolea mikate kwenye oveni! Unarudi vidole vimevimba na bado unaringa: "Mama Nassor, huyu ana mkono!" Mie nikisema mnapoteza wakati, hebu asome. Haya, leo nakiri, haki ilikuwa yako. Ulimwona akitia saini mkataba wa kwenda kucheza Marekani, akaanzia ligi ya chini kabisa, ukafariki kabla hujamwona akihangaika.

Maana kahangaika, Baba Nassor. Miaka minne kwenye daraja lile lile, mji hadi mji, na wapigaji wanamchapa watakavyo. Ana mipira miwili: wa kasi, na wa polepole anaourusha kwa mkao ule ule wa kasi, ili mpigaji azungushe gongo mapema apige hewa. Huo wa polepole ndio riziki yake, lakini walikuwa wanausubiri kana kwamba wamepigiwa simu. Kocha akampa mpaka mwisho wa mwezi: asipobadilika, arudi nyumbani. Akanipigia, akasema kwa Kiingereza chake kama kawaida: "Wanajua ninachorusha kabla sijarusha, Mama, na hakuna anayejua wanajuaje." Makocha wamemkagua vidole, glavu, miguu, hawakuona kitu.

Nikamwambia, nitumie hizo video nami nitazame. Akacheka. Kweli, mie na besiboli wapi na wapi? Lakini yule bibi wa Kizungu ninayemhudumia sauti ilimpotea tangu alipopooza, na mwaka wa tatu huu namsoma midomo. Mtu aliyezoea hivyo haangalii vidole. Asubuhi nimeinjika chai, natazama, nikaona: kabla ya kila mpira wa kasi, midomo ya mwanao inatikisika. Bismillahi. Kabla ya ule wa polepole, kaifunga kimya. Nikarudia mara ngapi sijui. Lo! Chai ikafurika jiko zima.

Nikampigia pale pale. "Nassor, mbona mpira wa polepole huusomei Bismillahi?"

Mtoto yule, ambaye Kiswahili hanijibu ila siku ya Idi, akasema, "Ule ni wa kudanganya, Mama. Baba alikataza."

Nililia, nikacheka, nikakukasirikia, kisha nikatamani ungekuwepo umjibu mwenyewe. Hukuwepo, nikamjibu mie. "Baba yako alisemea biskuti za kuiba! Yule mpigaji kaja na gongo lake, anajua fika umekuja kumchezea. Nani kaibiwa hapo? Isome kwa yote."

"Baba angekubali?"

Wallahi hapo niliogopa, maana ni neno lako nililokuwa nalitengua, na wewe huna pa kujitetea. Nikamwambia, "Angekubali, na angejicheka." Kama nimekusingizia, nisamehe.

Mechi ya mwisho wa mwezi walicheza mchana kwao, kwetu jioni. Nilikaa kwenye kiti chako, simu mkononi. Midomo ikatikisika kila mpira. Kila mpira! Wapigaji wakawa wanapiga hewa, mmoja akajizungusha mpaka akakaa chini. Wa mwisho lilikuwa jitu la miraba minne. Nikaiona Bismillahi, nikaisema pamoja naye. Ukatoka ule wa polepole. Jitu, masikini, likazunguka zima zima na gongo lake, na mpira bado uko njiani!

Wiki iliyofuata wakampandisha. Ligi kubwa bado iko mbali, sikudanganyi, na huko juu wapigaji ni wakali zaidi. Lakini kocha hasemi tena habari ya kurudi nyumbani, nami sasa nalala.

Nilimtumia kwa posta pakiti ya biskuti zile zile. Leo asubuhi kaniletea video. Kashika moja, kaiinua juu, kasema Bismillahi kwa sauti kubwa, kaila. Kisha akachukua ya pili, akaiweka pembeni taratibu, akasema kwa Kiswahili, "Hii ya Baba."

Basi, biskuti yako iko Marekani, mume wangu.

Mkeo asiyejua besiboli,
Mama Nassor