Bunduki ya Mashoto

Chumba 614,
Hoteli ya nyuma ya soko la saa,
Xiaobei, Guangzhou,
China.
Septemba 19, 1998

Mpendwa mwanangu Ghalib,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi, maana baridi ya huko Colorado haijui kwamba wewe ni mtoto wa Magomeni. Kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha? Kama hakijakwisha, kunywa tangawizi, na usiniambie haipatikani. Hata hapa ipo.

Mimi shangazi yako sijambo. Goti la kulia linanisumbua mvua ikinyesha, na mwezi huu hapa mvua inamwagwa kwa ndoo. Biashara inakwenda. Kontena letu la mwisho limeshaondoka bandari ya Huangpu, blauzi zangu zikiwa zimebanwa kati ya masufuria ya watu. Mungu azifikishe Dar zikiwa bado ni blauzi.

Hasna, yule binti wa Unguja ninayepanga naye chumba, anakusalimu ingawa hakujui. Nilimsomea barua yako, na tangu siku hiyo anajiona ni ndugu yako wa damu. Usikasirike. Chumba ni kidogo, na nilipokuwa nacheka peke yangu aliniangalia kama mtu wa kukimbizwa hospitali.

Sasa nije kwenye hilo lako. Unasema baba yake Martina, mchumba wako, amekualika mwezi ujao mkawinde elki milimani, na kwamba ukoo wao haumwamini mwanamume mpaka wamemwona porini. Mzee amekupa bunduki yake ya zamani ya komeo, na kila ukiishika unaona imekaa kinyume. Dukani kuna nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya mashoto, ila ni ya kuagiza. Mzee anasema acha hizo, utazoea. Na wewe unaniuliza mimi uchukue ipi.

Umeuliza penyewe, mwanangu. Hapa watu wananijua kama mama wa blauzi za soko la Shisanhang. Hawajui kwamba nilivaa kaki ya idara ya wanyamapori kule Rufiji, bunduki ikiwa begani, mpaka siku tulipopunguzwa kazini. Na umashoto wako hukuutoa kwa baba yako wala kwa mama yako. Umeutoa kwangu.

Picha ya huyo elki nimeitazama sana. Ni kama pofu wa mbuga zetu aliyejitwika mti mkavu kichwani. Hasna anasema mnyama wa namna hiyo anasalimiwa kwa mbali na kuachwa aende zake.

Kabla ya yote, pima macho. Mashoto wa mkono anaweza kuwa na jicho la kulia linaloongoza, na bunduki inafuata jicho. Nyoosha mikono mbele, tengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja baada ya jingine. Jicho ambalo likibaki wazi unakiona kitu pale pale tunduni, hilo ndilo bwana mkubwa. Likiwa la kulia, pokea bunduki ya mkweo, mshukuru, na barua hii ifungie vitumbua.

Sisi tulijaribu hapa chini mapokezini. Pierre, Mkongo wa Lubumbashi anayenunua redio, alilenga tundu lake kwa dada wa mapokezi. Dada akadhani anapigwa picha, akatengeneza nywele, akatabasamu, akabaki hivyo hivyo. Pierre akasahau kufumba jicho. Mpaka leo hatujui jicho lake linaloongoza ni lipi, ila tunajua limeelekea wapi.

Pierre huyo ndiye aliyenitia hasira. Nilipomweleza shida yako akaniambia kama mkweo:

“Mama Mwanahija, fusil ni fusil tu. Mutu anazoea.”

“Umewahi kupiga bunduki, Pierre?”

“Nimeona mingi sana.”

Nikaona maneno hayatoshi. Jumapili nikawachukua yeye na Hasna tukaenda bustani ya Yuexiu, ambako kuna mama mmoja ana kibanda cha kupiga maputo. Ameyapanga ukutani ya kila rangi, nawe unasimama mbali kidogo unayapasua kwa bunduki ya upepo. Nilikuwa nimeziona bunduki zake siku nyingine nikipita. Zina komeo, na komeo liko kulia, sawasawa na ya mkweo.

Pierre alianza. Alisimama kama sanamu ya jenerali, akafumba macho yote mawili, akapiga. Akapiga tena. Maputo yakaendelea kupepea kwa amani. Akamrudishia mama bunduki akasema mtutu umepinda.

Nikaja mimi. Nilipoweka kitako kwenye bega la kushoto, mama mwenye kibanda alikuja mbio akanihamishia kulia, kwa upole, kama unavyomgeuza mtoto aliyevaa viatu kinyume. Nikamshukuru, nikairudisha kushoto. Akaja tena. Nikairudisha tena. Watu wakaanza kusogea: wazee waliokuwa wanacheza karata, bibi mmoja na mjukuu wake, na vijana wanaokula miwa. Hasna akaninong'oneza, “Bi Mwanahija, twende zetu. Watu washakuwa wengi.” Lakini mimi nilikwisha kuvuta pumzi, nikapiga, na puto jekundu likapasuka. Watu wakapiga makofi. Nikajiona niko Rufiji.

Shida ilianza kwenye risasi ya pili. Kwenye bunduki ya komeo, kila ukipiga lazima unyanyue komeo, ulivute nyuma, ulisukume mbele, ulilaze. Mtu wa kulia anafanya hayo bila kuondoa macho kwenye mnyama. Mimi ilibidi niachie kifyatulio, niuvushe mkono wa kushoto juu ya bunduki mpaka upande wa pili, kiwiko kikiwa juu kama bata anayetaka kuruka, na mtutu ukainama ukatazama miguu yangu. Nilivuta kwa nguvu. Nilipolisukuma komeo mbele, nikalisukuma pamoja na ushungi wangu.

Ghalib, ushungi ulinaswa barabara. Kichwa kimefungwa kwenye bunduki, bunduki imefungwa kwenye kichwa. Nikigeuka kulia, mtutu unageuka nami na watu wa upande huo wanalala chini. Nikigeuka kushoto, na wale wanalala. Mama wa kibanda anapiga kelele, Hasna anasoma kila dua anayoijua. Hapo ndipo alipofika mlinzi wa bustani.

Alikuwa mtu mzima, amevaa sare, uso mkavu kabisa. Akanyoosha mkono akasema neno moja ambalo kila mgeni hapa analijua, yaani pasipoti. Nikampa. Hapo sikucheka, mwanangu. Viza yangu, ambayo sasa nimeshaiongeza, ilikuwa imebakiza siku chache, na blauzi zangu zote wakati huo zilikuwa bado stoo. Nilijiona kwenye ndege ya kurudi, bunduki ya maputo ikining'inia kichwani.

Nikamwambia Pierre, “Mweleze!”

Pierre akajitokeza kifua mbele. Kumbe Kichina chake chote ni cha sokoni. Akamwambia mlinzi, “Tai gui! Tai gui!” yaani ghali mno, ghali mno, huku akininyooshea kidole mimi.

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaangusha karata zake. Mlinzi hakucheka. Akaitia pasipoti mfukoni, akanisogelea, akashika ushungi, akalegeza komeo taratibu, akauchomoa bila kuuchana. Na hapo nikaona kitu. Kazi yote hiyo aliifanya kwa mkono wa kushoto.

Nikaugusa mkono wangu wa kushoto, nikaonyesha wa kwake. Akanitazama. Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba embe, kisha akachukua bunduki akaiweka bega la kushoto. Akapiga, puto la njano likapasuka. Alipotaka kulivuta komeo, kiwiko kikapaa juu kama changu, mtutu ukainama kama wangu, na kofia yake ya serikali ikaanguka chini. Sasa akacheka. Alicheka akashika ukuta.

“Zuopiezi,” akasema, akijipiga kifua, kisha akaninyooshea mimi. Ndilo neno lao la mashoto. Akafanya ishara ya mtu anayefunga kitambaa kwenye kiganja cha kushoto, akaonyesha kimo cha mtoto. Nikamwelewa bila mkalimani. Bibi yako naye alinifunga hivyo hivyo wakati wa kula, ili nijue mkono wa adabu ni upi. Tulisimama pale, mimi na mtu wa watu, hatuna hata neno moja la pamoja, tunaonyeshana mikono tukicheka. Pasipoti akanirudishia bila kuifungua.

Sasa nikwambie jambo ambalo mkweo halijui. Kule Rufiji serikali haikuwa na bunduki za mashoto. Nilipewa ya kulia kama wote, nikaambiwa nitazoea, na kweli nilizoea kulenga shabaha za mbao. Halafu kiboko akaingia kwenye mpunga wa watu. Risasi ya kwanza ilimpata vibaya. Nilipokuwa nauvusha mkono kutafuta ya pili, kiboko alishageuka. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kusimamia kazi, alikimbilia chooni kwake, na kiboko akakipitia choo. Kilikuwa cha makuti. Mwenyekiti alitoka mzima, Alhamdulillahi, ila alitokea upande ambao si wa mlango. Kijiji kilicheka mwaka mzima. Mimi sikucheka siku ile, kwa sababu nilikuwa karibu kuliko yeye, na mnyama niliyemjeruhi mwenyewe aliingia mtoni nisimwone tena.

Kwa hiyo jibu langu, kama jicho lako linaloongoza ni la kushoto: agiza ya mashoto. Ukiwa umelala au umeegemeza bunduki kwenye jiwe, hiyo ya mzee unaweza kuikoki kwa mkono wa kulia bila kuitoa begani. Lakini elki hatakungojea utafute jiwe. Tena kwenye bunduki ya kulia ganda la risasi, bado la moto, linapita mbele ya pua yako, na kizuizi cha usalama kiko mbali na kidole gumba chako. Watakwambia za mashoto ziko chache na hazina chaguo kubwa la risasi. Chagua ya risasi ya kawaida, hiyo wanayoiita thati-o-siksi, inatosha elki na kubaki. Ile risasi kubwa uliyoniandikia kwamba mkweo anaisifu ina teke la punda. Mtu akishaogopa teke anafumba macho, na ukifumba macho umekuwa Pierre. Jicho usilibandike kwenye darubini, itakuchana nyusi. Na upige karatasi mpaka uchoke kabla ya kupiga chenye roho.

Useme Bismillahi kabla ya kufyatua. Ukimfikia bado hai, mchinje. Mkweo akiona unachelewa, mweleze kwa heshima. Mtu aliyengoja mnyama tangu alfajiri hashindwi kungoja dua.

Lakini kuna neno moja sikulisoma popote kwenye barua yako, Ghalib. Hukusema kwamba unataka kuwinda. Umesema unataka mzee akukubali. Hayo ni mawili. Kama moyo wako haupo kwenye kuua mnyama, nenda naye, mbebee mkoba, mpikie chai, ulizia habari za milima yake. Mwanamume hapungui kwa hilo, na mimi niliyeshika bunduki nakwambia. Na kama moyo upo, basi usiazime bega la mtu mwingine. Mwambie, “Mzee, mimi ni mashoto, na nitasimama vizuri nikisimama kwa upande wangu.” Baba anayempenda binti yake atapenda kusikia hivyo.

Nimesikia huko sheria inawataka wawindaji wavae vizibao vya rangi ya chungwa kali. Hapa Shisanhang viko vya kumwaga. Niletee vipimo vya mkweo, hasa tumbo.

Nisalimie sana Martina, mwambie picha yake Hasna ameibandika ukutani bila ruhusa yangu. Baba yako Abubakary nimempigia simu, hajambo, anakulalamikia huandiki. Mwandikie. Mama yako anasema utume picha nyingine, ile ya mwisho ulikuwa umekonda. Mdogo wako Nahla amefaulu, sasa hasemeki. Pierre anakusalimu, na bado anasema mtutu ulipinda.

Mungu akupe jicho la kuona na mkono wa kutulia, akurudishe kutoka milimani ukiwa na vidole vyote na mchumba wako, na akilinde kila kiumbe kitakachopita mbele ya bunduki yako mpaka uwe na hakika kabisa kwamba ni elki.

Ni mimi shangazi yako akupendaye kwa mikono yote miwili,

Mwanahija