Kitambaa cha Mama Kwenye Waya wa Pikapu

Baba yangu mpendwa,

Pikapu yako imewaka. Nimeanza na hilo maana nakujua, usingepokea salamu ya mtu kabla hujasikia hali ya gari.

Unakumbuka injini yake ya petroli ilivyopasuka bloku tukitoka Kibaoni na mpunga? Mafundi wote wa Misunkumilo walisema tuisahau. Wewe ukatafuta injini ya dizeli ya lori dogo lililopinduka, ukaifunga humo kwa vyuma ulivyochomelea mwenyewe, kisha ukatupeleka Karema kwenye kipaimara cha kaka. Watu waliucheka mlio wake. Ukawajibu, "Chekeni tu, tutaonana mlimani." Na kweli tuliwakuta mlimani, wamefungua boneti.

Sasa nikuambie nilichofanya. Baada ya arobaini yako niliamua kusafisha nyaya za injini. Nina cheti cha ufundi, Baba, na kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikakuta waya unaotoka pale ilipokuwa koili ya petroli, ile ya kutoa umeme wa cheche, umefungwa kipande cha kitenge cha mama. Nikacheka. Dizeli haiwashwi kwa cheche, ina koili gani? Nikaukata, wala sikujishughulisha kuufuata unakoishia.

Tangu hapo gari likagoma. Betri nzima, stata inazungusha vizuri, lakini ekzosi haitoi hata moshi. Nilibadilisha chujio la dizeli, nikatoa hewa kwenye mipira yake kwa pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikachubuka. Kaka akachoka.

"Mdogo wangu, tusidanganyane. Gari limekufa na mwenyewe. Jumamosi watu wa chuma chakavu wanakuja kulikata."

Mama akaingia jikoni.

Jumamosi asubuhi, vifaa vyao vya kukatia vikiwa vimeshashushwa, nilikaa kwenye kiti chako nikiwa na hasira na aibu. Ndipo nikakumbuka. Gari likigoma ulikuwa unatushusha sote: "Nyie, nyamazeni kwanza. Gari linaongea." Halafu unafungua swichi tu, hupigi stata, unatega sikio. Nikawaomba wale wanaume wanyamaze. Nikafungua swichi. Kimya. Ule mlio mdogo kwenye pampu ya dizeli, wa kifaa cha umeme kinachoruhusu dizeli ipite, haukuwepo.

Nikaufuata waya wake kwa kidole kutoka kwenye pampu. Ukanipeleka moja kwa moja kwenye ule nilioukata. Kumbe wewe uliupa umeme wa koili ya zamani kazi mpya, kufungulia dizeli! Nikazitazama nyaya nyingine: kila waya uliouhamisha umeufunga kitambaa, ili fundi atakayekuja ajue umewekwa hapo kwa makusudi. Hukuwa na cheti, Baba. Lakini ulimfikiria fundi ambaye hujamwona, na fundi mwenyewe kumbe ni mimi.

Nikauunga. Nikafungua swichi: ta! Nikapiga stata, likawaka kwa kikohozi chake kilekile. Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akaliita jina lako kabla hajakumbuka. Kisha akasimama pale, akacheka huku analia. Kaka akawaambia watu wa chuma chakavu wapakie vifaa vyao.

Nakukumbuka sana, na nakuvulia kofia. Kitambaa cha mama nimekirudisha mahali pake. Chini yake nimefunga kipande cha kitenge changu.

Pumzika, Baba. Spana zako nazipaka mafuta.

Ni mimi binti yako, niliyeukata na kuuunga.