Turubai la Pili

Jersey City, Novemba 2007

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Sisi tu wazima na watoto wanasoma. Mji huu uko kando ya mto mpana kuliko Ruvubu yetu ya nyumbani, na ng'ambo yake tunaona maghorofa ya New York. Jengo letu lina Wahindi, Wamisri na Wafilipino, na hakuna anayeniuliza kabila langu. Jirani alituletea dengu. Nilimrudishia bakuli lake likiwa na maharage, kama ulivyonifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Jana nilikwenda ofisi ya wakimbizi kuomba nawe uletwe huku. Karani alifungua faili letu, akaniambia, "Lakini hapa uliandikisha kwamba huna mama."

Unakumbuka siku ile kambini Lukole, tulipokuandikisha kwenye kadi yako peke yako ili tupate turubai la pili, maana kila kadi ilipewa moja tu? Mimi ndiye niliyekwambia useme huna mtoto, nami nikasema sina mama. Tulirudi kibandani tukicheka njia nzima.

Nilimwambia karani aniandike mimi kuwa mwongo, ila wewe akuandike mama yangu. Alisema itachukua miaka, na huenda isiwezekane kabisa.

Mwambie Scholastika anayekusomea barua hii akae nawe kidogo akimaliza, asiharakishe kurudi shambani. Najua mvua zimeshaanza huko. Lile turubai, Mama, bado halivuji?

Ni mimi mwanao, hata makaratasi yakikataa,
Keza