Sorry ya Madam Winifred

Guangzhou, Jumapili

Dada Gaudiosa, shikamoo.

Penseli za duka lako nilizinunua soko la Yide Lu siku ya Alhamisi, katoni mbili. Zile zenye maua hazikuwepo.

Alhamisi hiyohiyo Madam Winifred alifariki. Yule Mwingereza aliyetufundisha kule Marangu, akaandika riwaya nne, kisha akaja kufundisha chuoni kwetu huku. Ya tano ameiachia ukurasa wa sitini.

Unakumbuka alivyojikwaa darasani, sote tukasema, "Sorry, Madam!" Akauliza, "Kwani mmenisukuma?" Tangu hapo akawa anatusahihisha: sorry si pole, sorry ni ya mwenye kosa.

Jana nilimpigia mwanawe Uingereza. Nikamwambia, "Sorry." Akanijibu taratibu, "Huna kosa, Sia." Nikakata simu.

Dada, asubuhi ile Madam aliniomba nikae naye, kifua kilikuwa kinambana. Nikamwambia naenda sokoni mara moja tu. Niliporudi na katoni zako nilimkuta ameinamia karatasi zake, kalamu bado mkononi.

Penseli zitafika mwezi ujao. Ukinijibu, tafadhali usiniandikie pole.

Mdogo wako,
Sia