Ndege Aliyelia Kushoto

Mpendwa dada Kerubo,

Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Mtoto anaota meno, majani ya chai hayangoji mtu, na nikikaa tu nasinzia. Sasa amelala mgongoni, naandika nimesimama ili asiamke.

Nakumbuka asubuhi uliyotoka kwenda Qatar. Tulikuwa tunashuka kijia cha Manga, wewe na begi, mimi na mimba, nyanya yetu nyuma. Ndege akalia upande wa kushoto, dalili mbaya kwa msafiri. Nyanya akasema turudi nyumbani, tunywe chai, safari ianze upya kesho, kama alivyofunzwa na mamake.

"Magokoro," ulimwambia Nyanya kwa lugha yetu, "ndege ya Doha haingoji ndege wa Manga."

Tulicheka, wewe na mimi. Ulipanda boda boda kabla hajakushika kichwa akuombee. Na ndege yenyewe ya Doha ilikuwa ya kesho yake jioni. Nafasi ya kulala nyumbani ilikuwepo.

Kazi ilipokuwa ngumu huko, ulinipigia ukasema Nyanya ndiye aliyekutakia mabaya. Tangu hapo hujaongea naye, na sababu anaijua.

Juzi nilifungua ile kamusi yako kubwa ya Kiingereza. Nilitafuta auspicious, lile neno ulilosema kwa maikrofoni kwenye harusi yangu pale Ogembo, Nyanya akaniuliza maana, nikamjibu ni siku yenye dalili njema. Kumbe limetoka kwa Warumi wa kale, kwa neno lao la ndege na lile la kutazama. Walikuwa na watu wa kutazama ndege kabla ya kwenda vitani. Kwa hivyo siku ile, mbele ya pasta, hata wewe ulimtaja ndege. Ulimvalisha suti tu.

Nilimweleza Nyanya. Akasema, "Sikumtakia mabaya. Nilitaka alale hapa siku moja zaidi."

Hayo ndiyo yananiuma, dada. Tungerudi tu.

Siku hizi Nyanya hali chakula vizuri, na hatoki nje bila kushikwa. Sikulazimishi kuamini ndege. Lakini usimwache aende na mzigo huo, hilo sitakubali.

Basi, ninavyohitaji ni hivi: sweta nzito ya Nyanya, yenye vifungo mbele, kwa sababu mikono haiinuki. Viatu vya mtoto vya kuanza kutembea, soli laini. Na sauti yako, irekodi kwa Ekegusii, polepole, umsalimie Nyanya kabla yangu. Sweta inaweza kuchelewa.

Mdogo wako,
Mama Baraka